Naacha kazi ya wakala, mkataba unasema wiki nne: notisi nampa nani?

MwanaZamu (Jumanne, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimya, ila leo nimekwama.

Niko ghalani, wiki ya 11 sasa. Kazi yangu ni kupokea mizigo, kuisoma kwa skana, kubandika lebo na kuipeleka kwenye rafu. Wenye ghala hawakuniajiri. Aliyeniajiri ni wakala, na ndiye anayenilipa kila wiki kwa kuhesabu saa zilizomo kwenye karatasi ya saa, ambayo msimamizi wa ghala huisaini Ijumaa jioni. Nilipoanza niliambiwa ni kazi ya wiki 13, "huenda ikaongezwa". Hakuna aliyesema huenda ikapunguzwa, ingawa wenzangu sita tulioingia nao siku moja waliitwa Jumatano moja saa nane mchana wakaambiwa kesho wasije. Wakavua beji, wakazitia kwenye boksi lililo mlangoni, basi.

Sasa nimepata kazi ya kuajiriwa moja kwa moja, ukarani wa stoo, kwenye kampuni nyingine kabisa. Wanataka nianze Jumatatu, si hii inayokuja, ile ya pili yake. Kwa hiyo nina siku 13.

Jana asubuhi nilimwambia msimamizi wa ghala, kwa mdomo, tukiwa tumesimama kwenye mlango wa kupokelea mizigo. Hata salamu ya pongezi hakunipa. Akasema: "Huwezi kuondoka hivyo, mkataba wako una notisi ya wiki nne. Ukiondoka kabla yake, karatasi zako mbili za mwisho sizisaini."

Nimerudi nimefukua mkataba. Kurasa 14, herufi ndogo utadhani zimeandikwa na sisimizi. Kweli, ukurasa wa 9 unasema mfanyakazi atatoa notisi ya maandishi ya wiki nne. Kifungu kinachofuata kinasema wakala anaweza kunisimamisha wakati wowote, bila notisi, endapo mteja hanihitaji tena. Nimevisoma vifungu hivyo viwili mara nne nikitafuta haki iko wapi, sijaiona.

Naomba kuuliza. Hizo wiki nne zinanifunga kweli? Barua nampa nani, msimamizi au wakala? Na huyu msimamizi anaweza kweli kunizuilia malipo ya saa nilizokwisha kufanya?

Nchi siitaji, mnisamehe. Wenzangu wawili wa zamu wako humu na mmoja ni rafiki wa msimamizi.

Kiatu Mkononi (Jumanne, saa 2:58 usiku)

Dada, vaa viatu uende. Wale sita walipewa notisi? Hawakupewa. Basi na wewe usiwape. Ijumaa ya mwisho saini karatasi yako, Jumamosi zima simu, Jumatatu uko kwa mwajiri mpya. Kazi ya wakala haina ndoa.

Kibarua wa Siku Nyingi (Jumanne, saa 3:25 usiku)

Mkuu Kiatu, mimi nilifanya hivyohivyo, acha nimweleze dada yaliyonikuta.

Nilikuwa kwenye usafi wa maofisi kupitia wakala, zamu ya usiku. Nikapata kazi mahali pengine, nikatoka Alhamisi alfajiri na sikurudi tena. Simu zao sikupokea, na wala sikuandika chochote. Ile kazi mpya ikasema bado wanahakiki vyeti vyangu, subiri kidogo. Kidogo hicho kikawa wiki tano. Wiki ya tatu nikarudi kwa wakala kwa unyenyekevu kuomba zamu yoyote. Yule afisa akafungua kompyuta, akaigeuza nione mwenyewe. Mbele ya jina langu palikuwa na maneno mawili: "hakurudi kazini". Kama ningeandika barua pangesomeka "aliacha kazi", na kati ya hayo mawili kuna tofauti kubwa, kwa sababu mwenye kuacha kazi anaweza kuitwa tena.

La pili ni pesa. Wiki ile nilikuwa nimefanya saa 38. Karatasi ilitakiwa kusainiwa Ijumaa na mimi niliishia Alhamisi. Walinilipa, lakini ilichukua wiki saba, na nilipata tu kwa sababu nilikuwa na picha za daftari la getini tulilokuwa tunasaini kuingia na kutoka. Picha zenyewe nilizipiga kwa bahati: mke wangu alikuwa haamini kwamba kazi ya usafi inaisha saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo dada, leo hii, kabla hujabishana na mtu, piga picha karatasi zako zote za saa ulizonazo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Karani wa Zamani (Jumanne, saa 4:10 usiku)

Binti yangu, nilikaa kwenye ofisi ya wakala miaka sita nikiandika mikataba ya namna hiyo hiyo. Sitakuambia utoroke wala sitakuambia ukae wiki nne. Nitakuambia unachotakiwa kukitafuta usiku huu.

Kwanza tuelewane nani ni nani. Wewe una uhusiano na wakala. Wakala ana uhusiano na ghala. Kati yako na ghala hakuna mkataba wa ajira. Kuna maelekezo ya kazi tu, kubeba hiki, bandika kile. Kwa hiyo msimamizi uliyemwambia mlangoni hukumpa notisi yoyote, ulimpa habari. Ni adabu kumwambia, lakini kisheria saa ya notisi yako haijaanza kuhesabika. Itaanza siku wakala atakapopokea maandishi yako. Umepoteza siku moja na nusu, si mbaya.

Pili, hizo kurasa 14. Pale kwetu tulikuwa nazo pia. Tuliziita "masharti ya jumla", na zilikuwa za jumla kweli: waraka mmoja wa kuwafaa watu wote, kuanzia anayepelekwa kwa mteja siku mbili hadi mhasibu anayekaa mwaka mzima. Wiki nne mara nyingi ziliwekwa kwa ajili ya hawa wa pili. Mtu wa zamu hupewa karatasi nyingine fupi, ukurasa mmoja, inayotaja jina la mteja, tarehe ya kuanza, malipo kwa saa na namna ya kusitisha. Sisi tuliiita barua ya kupangiwa kazi. Wengi hawaikumbuki kwa sababu hutumwa kwa barua pepe usiku wa kuamkia siku ya kwanza, na usiku huo mtu anatafuta viatu vya kazi, hasomi viambatisho. Itafute. Kisha urudi kwenye zile 14, ukurasa wa kwanza na wa pili, uone wanavyoeleza maana ya maneno, na kama wamesema karatasi ipi ina nguvu zikigongana.

Tatu, fanya hesabu hii ndogo. Umesema kazi ni ya wiki 13 na uko wiki ya 11. Notisi ya wiki nne ukiitoa kesho itaishia wiki ya 15. Yaani wanataka uwape notisi inayovuka mwisho wa kazi yenyewe! Mwandishi wa mkataba mwenye akili timamu hakukusudia hivyo. Hiyo peke yake ingenifanya nishuku kwamba msimamizi wako amesoma ukurasa usio wako.

Swali moja kabla sijalala: una hakika kazi mpya haina uhusiano na ghala hilo? Wala kampuni dada? Kwa sababu mteja akimchukua mtu wa wakala moja kwa moja, mara nyingi hulazimika kumlipa wakala ada, na hapo ndipo watu wa ofisini huamka na kuanza kuuliza maswali. Ada hiyo ni deni la mteja, si lako, lakini ni vizuri kujua kwa nini watakuuliza unaenda wapi.

Kifungu kwa Kifungu (Jumanne, saa 5:02 usiku)

Kwa kuwa dada hataki kutaja nchi, naweka mifano michache ajipime yeye mwenyewe.

Sheria nyingi hufuata kipimo kimoja: notisi inakwenda na jinsi unavyolipwa. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inasema notisi isipungue siku 7 ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa wa mwezi. Kenya, sheria ya 2007, anayelipwa kwa siku anaweza kuacha mwisho wa siku bila notisi, anayelipwa kwa kipindi kifupi kuliko mwezi hutoa notisi ya maandishi inayoishia mwisho wa kipindi kinachofuata, na wa mwezi ni siku 28. Uingereza, sheria ya 1996 inamtaka mwajiriwa aliyefikisha mwezi mmoja atoe angalau wiki 1, lakini watu wengi wa wakala kule hawahesabiwi kuwa waajiriwa kamili, hivyo kinachowafunga ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi yao. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mfanyakazi kutoa notisi hata ya siku moja.

Angalia lakini: hivyo ni viwango vya chini. Mkataba unaweza kuweka zaidi, na hapo ndipo wiki nne zinapotaka kusimamia.

Kuna mtego mwingine ambao naona haujatajwa. Mkataba wa muda maalumu, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, usiokuwa na kifungu cha kuuvunja mapema. Katika nchi nyingi huo haukatiki katikati kwa kutoa notisi tu. Ukiukata unaweza kudaiwa fidia. Ufaransa wamelifungua hilo kwa mlango mdogo: mtu wa wakala aliyepata ajira ya kudumu, akiwa na ushahidi wake, anaruhusiwa kuondoka kwa notisi ya siku 1 kwa kila wiki ya mkataba, isizidi wiki 2. Ungekuwa Ufaransa na wiki zako 13, notisi isingezidi hizo wiki 2. Kwa hiyo dada, ukiipata hiyo karatasi fupi, tazama kwanza kama ina neno la kusitisha kabla ya tarehe. Likiwapo, umepona.

Kuhusu pesa. Saa ulizokwisha kufanya ni zako. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1949 kuhusu ulinzi wa mishahara unataka mtu anapoondoka alipwe kila anachodai, na ule wa 1970 kuhusu likizo unataka likizo isiyochukuliwa ilipwe kwa kadiri ya muda aliofanya. Hiyo inazibana nchi zilizoiridhia, lakini wazo lake utalikuta kwenye sheria nyingi hata bila kuridhia. Uingereza wameenda mbali zaidi: kanuni za 2003 zinamkataza wakala kukunyima malipo kwa kisingizio kwamba mteja hajalipa au hajasaini karatasi ya saa. Kanuni hizohizo zinamkataza kukulazimisha utaje mwajiri wako mpya. Na katika Umoja wa Ulaya, agizo la 2008 linasema kifungu kinachomzuia mtu wa wakala kuajiriwa na mteja baada ya kazi kuisha ni batili au kinaweza kutangazwa kuwa batili.

Kwa upande wa pili, nisikudanganye: kuondoka bila notisi kuna gharama. Kenya kwa mfano, upande unaotaka kukata bila notisi hulipa upande mwingine mshahara wa siku hizo, na "upande" ni pamoja na mfanyakazi. Kiatu Mkononi asome hapo mara mbili.

Kiatu Mkononi (Jumanne, saa 5:09 usiku)

Nimesoma. Bado viatu navaa.

MwanaZamu (Jumatano, saa 12:35 asubuhi)

Shikamoo mzee Karani. Sikulala.

Nimeipata! Ilikuwa kwenye barua pepe ya usiku wa Jumapili, kiambatisho cha tatu, jina la faili ni tarakimu tupu. Ukurasa mmoja kama ulivyosema. Mstari wa saba: "Kupangiwa huku kunaweza kusitishwa na upande wowote kabla ya tarehe ya mwisho kwa notisi ya maandishi ya siku 5 za kazi." Kwa hiyo hata wale sita walistahili siku 5! Wakala alitumia ukurasa wa 9 kwa wale sita, na msimamizi naye anautumia ukurasa huohuo kwangu.

Kwenye kurasa 14, ukurasa wa 2, nimekuta sentensi ambayo usiku wa kwanza niliiruka: masharti ya jumla yakipingana na barua ya kupangiwa kazi, barua ndiyo itakayofuatwa. Nimeisoma kwa sauti, dada yangu akadhani naomba dua.

Kazi mpya haihusiani na ghala kabisa, hata kampuni dada si.

Limebaki moja linanitatiza. Barua inasema "kupangiwa huku" kunasitishwa. Je, na ule mkataba mkubwa wa kurasa 14 unakufa? Au nitabaki mtu wao, halafu waje waseme nilikuwa na waajiri wawili?

Karani wa Zamani (Jumatano, saa 1:20 asubuhi)

Marahaba. Hongera kwa kusoma, wengi wangeishia ukurasa wa 9.

Umeuliza swali la maana. Hivyo ni vitu viwili. Ukisitisha kupangiwa kazi tu, unabaki kwenye orodha ya wakala, na wanaweza kukupigia Jumatatu wakikuita ghala lingine. Wengine hupenda hivyo, kama akiba. Lakini wewe unaanza ajira ya moja kwa moja, na waajiri wengi huuliza kama una mkataba mwingine ulio hai. Kata vyote viwili kwa barua moja, ila uvitaje kwa majina yake, usiandike tu "naacha kazi". Kwenye mkataba mkubwa tazama kama kuna notisi ya kujiondoa kwenye orodha. Pale kwetu haikuwapo, mtu aliandika tu akatoka.

Barua iwe fupi. Usieleze umechoka, usimtaje msimamizi, usiseme lolote kuhusu wale sita. Hayo ni ya kweli lakini si ya barua hii. Nakuandikia, wewe badilisha:

"Kwa afisa wa wakala. Mimi, mwenye namba ya utumishi hii, natoa notisi ya kusitisha kupangiwa kwangu kazi kwenye ghala la mteja, kwa mujibu wa barua ya kupangiwa kazi inayotaka notisi ya siku 5 za kazi. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kuanzia siku hiyo naomba pia mkataba wangu wa jumla na ofisi yenu ufungwe. Nitarudisha beji, skana na vifaa vingine siku hiyo na kuomba saini ya makabidhiano. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kuwa mmeipokea barua hii, pamoja na tarehe ya malipo yangu ya mwisho na saa za likizo nilizolimbikiza."

Basi. Itume leo kabla ya saa nne, kwa barua pepe, kwa afisa wako na nakala kwa mtu wa mishahara. Ukiituma leo, siku 5 za kazi zikianza kuhesabiwa kesho zinakwisha Jumatano ijayo. Mimi nimekuandikia Ijumaa kwa makusudi: wiki ya karatasi ya saa inafunga Ijumaa, na wiki iliyokatwa katikati ndiyo hupotea mezani. Kisha ndiyo umwambie msimamizi, kwa heshima, kwamba wakala ana barua.

Watakupigia simu. Watasema "baki hadi mwisho wa mwezi". Sikiliza, shukuru, halafu waombe wakuandikie. Maneno mengi ya simu hufa yakiombwa maandishi.

Kibarua wa Siku Nyingi (Jumatano, saa 1:44 asubuhi)

Mzee amemaliza. Naongeza kimoja: kama ile barua pepe yako ya ofisini ni ya wakala, tuma kwa barua pepe yako binafsi, au jitumie nakala. Wakikufungia akaunti siku ya mwisho, ushahidi wako unabaki huko ndani.

MwanaZamu (Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 1:15 usiku)

Wakuu, nimerudi na mrejesho, maana najua inakera mtu anauliza halafu anapotea.

Nilituma Jumatano saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikiwa kwenye mapumziko, nimejificha nyuma ya rafu za lebo. Haikupita nusu saa afisa wa wakala akapiga. Swali la kwanza, kama alivyosema mzee: "Unaenda wapi?" Nikasema ningependa kubaki nayo hiyo. La pili: notisi ni wiki nne. Nikamwomba afungue barua ya kupangiwa kazi, mstari wa saba. Akanyamaza. Nikasikia vidole vikigonga kibodi. Akasema atanirudia. Hakunirudia kwa simu. Saa kumi jioni ikaja barua pepe ya mistari miwili kukubali Ijumaa kuwa siku ya mwisho. Hata neno la wiki nne halikuwamo.

Msimamizi, sitaki kumsingizia, alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Nadhani alikuwa ameshapigiwa. Ijumaa ile ya kwanza alisaini karatasi yangu bila kuniangalia usoni. Leo amesaini ya mwisho, akaniuliza nani atafahamu mpangilio wa rafu za juu. Nikamwandikia kwenye karatasi: rafu gani ina mizigo gani, lebo zipi hukwama kwenye mashine, ile skana ambayo betri yake hudanganya. Hakuniagiza, nilifanya kwa ajili ya atakayekuja Jumatatu, ambaye naye ataambiwa ni wiki 13.

Skana, beji na fulana ya kung'aa nimerudisha, na mlinzi wa stoo amesaini makabidhiano kwenye karatasi ya mkono. Viatu vya kazi walisema nibaki navyo, ni vya saizi yangu na vimechakaa.

Sasa kilichobaki. Kwenye mkataba likizo ni saa 1 kwa kila saa 20 za kazi. Nimefanya wiki 12 kwa saa 40, sijachukua hata siku moja. Wao wameniandikia saa 22. Mimi napata 24. Nimekosea wapi?

Karani wa Zamani (Ijumaa, saa 2:05 usiku)

Hujakosea. Wiki 12 mara saa 40 ni saa 480, gawanya kwa 20, ni 24. Wao wamehesabu wiki 11. Mfumo ulifunga hesabu kwa karatasi zilizokwisha kuingizwa, na ya leo haijaingia. Nilikuwa naliona hilo karibu kila mtu anapoondoka, na aliyenyamaza hakuongezewa. Waandikie mtu wa mishahara sentensi moja: saa za wiki ya 12 ni 40, naomba saa 2 za likizo ziongezwe kwenye malipo ya mwisho. Ambatisha picha ya karatasi ya leo.

MwanaZamu (Jumatatu, saa 12:50 jioni)

Wamejibu: "Tumerekebisha, 24." Nimeisoma nikiwa stoo mpya, siku ya kwanza. Hapa mkataba wangu una kurasa 6 na nimezisoma zote kabla ya kusaini. Afisa utumishi alikuwa anatazama saa.

Mmoja wa wale sita ameniandikia leo baada ya kuniona humu. Anauliza kama siku zake 5 bado anaweza kuzidai. Ana ile barua ya ukurasa mmoja. Mzee Karani, Kifungu, mnamwambiaje?

Kifungu kwa Kifungu (Jumatatu, saa 1:30 usiku)

Aje humu mwenyewe na tarehe aliyoachishwa. Madai ya kazi yana muda wa mwisho wa kuyapeleka, na sehemu nyingine ni mfupi sana, kwa hiyo asingoje mwisho wa mwezi. Kwanza amwandikie wakala adai malipo ya siku 5 badala ya notisi, ataje mstari wa saba, na ahifadhi jibu watakalompa.